Santuri uliyouza inarudi baada ya wiki sita? Usikimbilie kumblok mteja

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hawakutuambia kwamba siku ya arobaini humfikia hata muuzaji ambaye hajaiba kitu. Umeuza santuri ya zamani mtandaoni, umefunga mzigo vizuri, umeupeleka steji, pesa zimeingia kwa simu na zimeshatumika. Wiki ya sita unaamka, unawasha bando, unakuta ujumbe: "Boss, hii kitu nataka kurudisha."

Unafanya nini?

Najua wengi wetu huku Kericho na Bomet tunavyofanya, kwa sababu na mimi nauza, na nimo kwenye makundi yale yale ya WhatsApp. Kuna wanaoruka: tiki mbili za bluu, kimya. Kuna wa kublok. Kuna wanaotuma picha ya lile bango la madukani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Na kuna wachache wenye roho laini ambao hurudisha pesa kabla ya kuuona mzigo, halafu mzigo wenyewe haufiki milele. Kwa maoni yangu zote nne ni biashara mbaya, na ya bango ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakufanya ujione uko sawa.

Labda wewe msomaji wa Nairobi unashangaa ni nani huyo bado ananunua santuri. Kericho si majani chai peke yake. Hapa mjini ndipo lilipokuwa duka na studio ya Chandarana, ambayo ilitoa sahani nyingi ndogo za 45 za benga, za wanamuziki wa Kipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii, hasa miaka ya 1970 na 1980. Watu walizinunua kwa pesa ya chai, zikachezwa kwenye baa na harusini, kisha kaseti ikaja zikaingia chini ya vitanda. Leo kuna wakusanyaji Ulaya na Marekani wanaozitafuta kama dawa, na kuna vijana wa Nairobi walionunua mashine za santuri wakitaka kusikia muziki wa nyumbani ulivyosikika kabla ya simu. Sanduku la kugo lililolala Sotik au Litein miaka thelathini ghafla lina bei.

Na si santuri tu. Kuna sarafu za East Africa zenye tundu katikati, sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye picha ya Kibaki, noti za zamani za 1,000 ambazo hazikuwa pesa tena baada ya 30 Septemba 2019, na mikebe ya chai yenye majina ya kampuni ambazo zimebadilisha jina na wamiliki. Vijana wengi wasio na kazi wameingia hapo. Mtaji ni simu na heshima ya kuongea na wazee.

Lakini kitu cha kale si kiatu. Kiatu kikibana, mteja anajua siku hiyo hiyo, na wewe una jozi nyingine. Santuri uliyo nayo ni moja. Hali yake ndiyo bei yake: mkwaruzo mmoja kwenye wimbo unaweza kuishusha nusu. Tena mnunuzi anaweza kukaa nayo mwezi mzima kabla ya kuicheza kwa sababu mashine yake iko kwa fundi, au ameiagiza na haijafika. Kwa hiyo ujumbe wa wiki ya sita unaweza kuwa wa tapeli, wa mtu aliyejutia pesa yake, au wa mtu mwaminifu ambaye ameiweka sindano kwenye sahani jana usiku kwa mara ya kwanza. Ukiangalia tarehe peke yake, hutajua ni yupi kati ya hao watatu.

Anza kwa kumuuliza swali moja: shida ni nini hasa, na tuma video yenye sauti. Utashangaa ni maombi mangapi huisha hapo. Kuna wanaolalamika kwamba mwimbaji anaimba kama mlevi. Kumbe wameicheza sahani ya 45 kwa mwendo wa 33. Kuna wanaosema santuri "imetobolewa", kwa sababu tundu la katikati ni kubwa na haishiki kwenye mashine. Baadhi ya sahani za 45 zilitengenezwa hivyo. Zinataka kile kiplastiki cha katikati, adapta. Huyo humrudishii pesa, unamfundisha. Na ukimfundisha kwa upole, bila kumwonyesha kwamba yeye ni mshamba, atarudi kununua nyingine.

Wa pili ni yule aliyejuta. Ameona santuri kama hiyo kwa bei nafuu, au ameishiwa. Akija siku ya tatu, mimi humsikiliza. Akija wiki ya sita, jibu ni hapana, na hapana hiyo iseme mara moja, kwa adabu, bila hotuba: "Pole ndugu, muda wa kurudisha ulikuwa siku kumi na nne, kama nilivyoandika. Kitu kiko kama nilivyokieleza. Ukitaka, nitakusaidia kukiuza." Basi. Huna haja ya kuona haya. Bei ya vitu vya kale hupanda na kushuka, na hatari ya kushuka ni ya aliyenunua, kama faida ya kupanda ingekuwa yake.

Wa tatu ndiye anayetushinda, na hapo ndipo nataka tuambiane ukweli.

Wengi wetu tunaandika "inacheza poa" bila kuicheza. Hatuna mashine. Tunaipangusa kwa shati, tunaipiga picha juu ya kochi, lebo inaonekana vizuri, tunaweka bei. Sasa kumbuka tunaishi wapi. Huku mvua haituachi karibu mwaka mzima, na nyumba ya mabati kwenye mlima wa chai ina unyevu ambao mtu wa Athi River hawezi kuuelewa. Sahani iliyokaa ndani ya karatasi yenye unyevu miaka ishirini huota kuvu. Kuvu hiyo huioni kwa picha ya simu. Huisikia tu sindano inapopita: kama mtu anakaanga mahindi nyuma ya gitaa. Na sahani iliyolazwa vibaya hupinda kidogo, kiasi ambacho mezani inaonekana sawa, ikizunguka inapanda na kushuka kama gari la Mulot wakati wa matope.

Mtu kama huyo akikuandikia wiki ya sita, hujapewa mzigo wa kuchelewa kwake. Umepewa mzigo wako. Ulisema inacheza poa, haichezi poa. Kasoro ilikuwa ndani ya kitu siku uliyokituma, na hakuna njia angeiona bila kuicheza. Rudisha pesa yake, na nauli ya mzigo juu.

Ukiniambia hiyo ni roho ya kanisani, soma sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili azifaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu enzi za mkoloni, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Na sisi wa mtandaoni tunauza kwa maelezo tu. Mteja hajagusa chochote. Sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi hahesabiwi kuwa amekipokea kitu kikamilifu mpaka apate nafasi ya kukikagua, lakini pia akikaa nacho kwa muda wa kutosha bila kusema amekikataa, basi amekikubali. Muda wa kutosha ni siku ngapi? Sheria haikutaja idadi. Inategemea kitu chenyewe na mazingira. Ndiyo maana bango la "hairudishwi" halikusaidii: haliwezi kufuta uwongo ulioandika juu yake.

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, yenye sehemu yake kabisa kuhusu mikataba ya kwenye intaneti. Inakutaka umweleze mteja waziwazi unachouza kabla hajakubali, na umpe nakala ya mlichokubaliana. Usipofanya hivyo, wewe mwenyewe umemwachia mlango wa kuuvunja mkataba. Na asidhani mtu kwamba kesi ya santuri ya shilingi elfu tatu haina pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Hata wakili si lazima.

Wanaouza nje ya nchi wana siku nyingi zaidi za kuogopa. Ukiuza kwenye eBay, mnunuzi ana siku 30 tangu kitu kimfikie kusema hakilingani na maelezo. Akilipa kwa PayPal, anaweza kufungua mgogoro hadi siku 180 baada ya kulipa. Siku 180, ndugu yangu! Nusu mwaka. Tangu 2018 tunaweza kutoa pesa za PayPal hadi M-Pesa, na hapo ndipo tunapodanganyika: pesa ikishaingia kwa simu tunadhani mambo yameisha. Bado inadaiwa. Ukiuza santuri Aprili, ukalipa karo ya mdogo wako Mei, mgogoro unaweza kufunguliwa Septemba na akaunti yako ikabaki na deni. Usichukue mkopo kwa simu kulipa deni kama hilo. Weka kando sehemu ya kila mauzo ya nje mpaka siku hizo zipite. Mimi huweka robo. Inauma, najua.

Hapa nchini hatari iko upande mwingine. Mtu aliyetuma pesa kimakosa kwa M-Pesa anaweza kutuma ujumbe kwa 456 kuomba zirudi. Huduma hiyo iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba, na kuna wajanja wanaoitumia kama mlango wa kurudishia bidhaa, huku bidhaa wamebaki nayo. Kwa hiyo mazungumzo yako yote na mteja yawe kwa maandishi. Akipiga simu, mkimaliza mwandikie: "Kama tulivyoongea, umenunua santuri fulani, hali fulani, bei fulani, muda wa kurudisha ni huu." Mistari miwili. Hiyo ndiyo nakala yako ya makubaliano, na ndiyo itakayokusimamia.

Sasa, kurudisha pesa si kurusha pesa. Mzigo kwanza, pesa baadaye. Na mzigo ukifika, hakikisha ni wako. Kila santuri ina namba iliyochorwa kwenye ule ukingo laini kati ya wimbo na lebo; wakati mwingine kuna mikwaruzo ya mkono ya fundi aliyetengeneza bamba. Ipige picha kabla hujatuma, pamoja na kila alama uliyoiona, pembe ya lebo iliyochanika, jina la kugo alilolichora kwa kalamu. Sahani mbili za wimbo mmoja hazifanani uzee. Kuna mteja, simtaji, aliyewahi kunirudishia sahani ya wimbo ule ule yenye lebo safi kuliko niliyomtumia; nyufa ndizo hazikuwa zangu. Picha ya ukingo ilimaliza ubishi kwa dakika tano.

Sarafu zina ujanja wao. Mnunuzi anapokea sarafu nyeusi ya mkoloni, anaisugua kwa dawa ya meno ing'ae, bei inaanguka kwa sababu wakusanyaji hawataki sarafu iliyosuguliwa, kisha anaomba kurudisha. Hapo hata angekuja siku ya pili, jibu ni hapana: amekibadilisha kitu. Lakini tusijifanye malaika. Ni sisi tunaoandika "fedha tupu" chini ya picha ya shilingi ya East Africa yenye simba, wakati zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina asilimia 25 tu ya fedha, na za baadaye hazina kabisa. Ni sisi tunaouza senti kumi za 1936 zenye jina la Edward VIII, yule mfalme aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha, tukisema ni adimu kuliko almasi. Zilitengenezwa nyingi sana. Ni hadithi nzuri, bei ya kawaida. Mteja akija kugundua hilo wiki ya sita, amechelewa kwa sababu tulimchelewesha.

Kuna jambo halisemwi kwenye makundi yetu. Vitu hivi mara nyingi si vyetu. Tumepewa na wazee tuwauzie, tugawane. Umemuuzia babu wa Kapkoros santuri kumi, ukampa chake, akanunua mbolea. Wiki ya sita moja inarudi. Je, unapanda bodaboda kwenda kumwambia mzee atoe pesa? Wapo wanaofanya hivyo, na nimesikia wakijitetea kwamba "hasara ni yetu sote". Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee hakuandika "inacheza poa". Wewe ndiye uliyeandika, ili upate bei. Kama kasoro ilifichika kwenye maneno yako, hasara ni ya kamisheni yako. Ukitaka mzee awe ndani ya hatari, mwambie kabla, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtoto wake, kwamba pesa kamili atapata baada ya mwezi. Wengi watakubali. Wakulima wa chai wamezoea kulipwa kidogo kila mwezi na kungoja bonasi ya Oktoba, kungoja hakuwashangazi. Kudanganywa ndiko kunakowachosha.

Nasikia tayari mtu akisema: nikimkubali kila anayechelewa nitafunga duka. Sijasema kila mtu. Piga hesabu. Tuseme umeuza santuri ishirini kwa shilingi 2,500 kila moja, hiyo ni 50,000. Mbili zikirudi kwa kosa lako, unatoa 5,000 na nauli, na sahani bado unazo, utaziuza kwa bei ya kweli. Ukiwablok hao wawili, umeokoa 5,000 mwezi huu. Lakini wakusanyaji wa santuri za Kericho duniani ni wachache na wanajuana. Ukichafuka kwa wawili, wanaokujua kama tapeli kufikia Jumapili ni thelathini, na hawaandiki jina lako tu. Wanaandika "wale wauzaji wa Kericho". Hapo umemfungia duka na kijana wa Silibwet ambaye hajauza hata sahani moja.

Tukizungumzia kuchelewa, kuna rekodi ya kuchelewa ambayo sisi ndio wenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kapkatet wakiimba Chemirocha, akaondoka na sauti hizo hadi Afrika Kusini. Nakala zilirudishwa Kapkatet mwaka 2014 na watafiti wa ile maktaba ya muziki aliyoianzisha. Miaka 64! Hakuna aliyesema muda umepita.

Kwa hiyo unapoandika tangazo lako wiki hii, andika mambo haya kwa lugha ya kawaida. Umeicheza au hujaicheza. Kama hujaicheza, sema "sijaicheza, nauza kama ilivyo kwa macho", na ushushe bei. Siku za kurudisha ni ngapi, na zinaanza kuhesabiwa mzigo ukipokewa, si ukitumwa. Gari la mizigo linaweza kulala Narok. Kasoro isiyoonekana kwa macho ina muda mrefu zaidi: mimi hutoa siku 45, wewe chagua zako, lakini ziandike. Nauli ya kurudisha ni ya nani: akijuta ni yake, ukikosea ni yako. Na mwambie aitume ikiwa imesimama katikati ya makatoni mawili, isilazwe chini ya gunia la viazi.

Mteja akikuandikia amechelewa, mjibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "nimeona, nitakuambia kesho". Mtu aliyejibiwa hapandi hasira.

Na sahani iliyorudi usiifiche kabatini kama mtoto aliyefukuzwa shule. Itafutie mtu mwenye mashine, muombe aicheze pande zote mbili, uandike unachosikia. Kisha itangaze tena, useme iliwahi kurudishwa na kwa nini. Tia ile adapta ndani ya bahasha.